Dawa ya Maji ya Samaki wa Kioo

Perpétue alikuwa hajawahi kuona samaki asiyeficha kitu. Hawa sita wa Bi Kampire, mwalimu mstaafu wa Nyamitanga aliyemwajiri kwa kazi za nyumbani, hawakufika urefu wa kidole. Ukiwatazama ubavuni, unahesabu miiba yote ndani ya miili yao.

"Marehemu mume wangu aliwapenda kuliko mimi," Bi Kampire alitania akifungasha nguo za kwenda mazishini Isingiro. "Nikiwakosa hawa, nyumba itakuwa kimya kabisa. Walishe kidogo tu, basi. Usiguse kingine."

"Ndiyo, maman. Nitabachunga muzuri."

Siku ya pili maji ya tangi lao yakaingia ukijani. Perpétue akayatazama. Maji ya rangi hiyo ndiyo aliyoyachota ziwani mwaka juzi, bomba la kambi ya wakimbizi ya Nakivale lilipokauka, na mwanawe Prince akayanywa kabla yeye hajatia kidonge. Kipindupindu hakikumpa mtoto siku mbili. Tangu hapo Perpétue hatembei bila vidonge vya klorini vya kusafishia maji. Hulala navyo, huamka navyo.

Hakufikiri mara mbili. Akatumbukiza kimoja, kisha, kwa kuwa tangi lilikuwa kubwa, akaongeza cha pili.

Adhuhuri samaki walikuwa juu, vinywa wazi, wakitafuta pumzi. Akawahamishia kwenye beseni la maji ya bomba, akawaombea kwa jina la Yesu. Kufikia alasiri wote sita walikuwa wameelea kiubavu, wamegeuka weupe kama maziwa.

Bi Kampire aliporudi, Perpétue alikuwa amesimama mlangoni.

"Bamekufa bote, maman. Ni miye. Maji ilikuwa muchafu, nikatia dawa."

"Machafu? Huko kwao Asia wanaishi kwenye mashamba ya mpunga! Maji ya kijani ndiyo nyumba yao!" Sauti ya Bi Kampire ilikatika. "Nyinyi watu wa kambi mnadhani kila maji yana kipindupindu. Nani alikufundisha ujinga huu?"

Perpétue angeweza kuwataja wahudumu wa afya wa kambini.

"Prince," akasema. "Mutoto yangu. Yeye sikumutilia dawa."

Miezi minane wameishi nyumba moja, na jina hilo halijawahi kutajwa. Bi Kampire alivuta kiti, akakaa bila kuvua viatu vyenye vumbi la makaburini.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Miaka mine," Perpétue akajibu, akiinamia beseni na kumtoa samaki wa kwanza kwa viganja viwili, polepole, asije akakatika.