Vikombe vya Hajja Faukia

Pale Esna, Misri, mtu akienda Hija, jamaa zake humchorea ukuta wa mbele, Kaaba na ndege, ili akirudi akute nyumba imempokea. Nagwa hakuwa na cha kumpa mchoraji. Mama yake alikuwa ameuza hata bangili zake ili asafiri. Basi akanunua sokoni stika za kusugua, zile za bei ya kutupa, akaketi sebuleni na vikombe vyeupe na foronya za mito.

Alikata picha, akabandua karatasi ya nyuma, akaiweka juu ya kikombe na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mkono ukamuuma. Halafu akaivuta nailoni ya juu taratibu, Kaaba ikabaki pale. Chini yake akasugua herufi moja moja jina la mama yake: Hajja Faukia. Foronya nazo akazifanyia vivyo hivyo.

"Una haraka wewe," akasema mama yake mdogo, Insafu. "Hata Arafa hajasimama, ushamwita Hajja?"

"Atasimama. Miguu yake mizima kuliko yako, mama mdogo."

"Ulimi huo ndio unaowakimbiza wachumba."

Wakacheka. Nagwa alikuwa na furaha ya kitoto kabisa. Nyumba ile walikuwa wakiishi wawili tu, yeye na mama yake, na tangu mama aondoke hata chakula kilikuwa hakipiti kooni.

Faukia alisimama Arafa kweli. Akapiga simu sauti imemkauka, akasema amemwombea bintiye mpaka maneno yakamwishia. Siku ya pili alijinyoosha hemani Mina apumzike, asiamke tena. Wakamzika hukohuko.

Msiba ukawekwa Esna bila maiti. Na watu nao, jamani! Mtu amefiwa na mama, wao wanampa hongera. Bahati iliyoje, kuzikwa nchi takatifu. Nagwa akawaitikia kwa adabu, lakini bahati hiyo hakuitaka. Alimtaka mama yake. Kahawa chungu ya msiba ikamiminwa katika vikombe vile vile, kwa kuwa vingine vilikuwa havitoshi.

Akampigia simu jirani aliyesafiri na mama yake, akamuuliza kaburi lina alama gani, ili siku moja akijaliwa aende kulizuru.

"Jiwe tu, dada yangu. Na kila kaburi lina jiwe. Huku hawaandiki majina."

Hapo ndipo alipovitazama vile vikombe upya. Akavikusanya vilivyotumika, akavipanga jikoni kando ya foronya, akiapa moyoni kwamba hakuna mtu atakayevinywea tena. Jina la mama yake lingekaa pale. Alikuwa na nia ya kuwaambia wanawake wasiviguse, lakini mama mdogo Insafu alimwona anayumba, akamshika mkono na kwenda kumlaza, naye usingizi ukamchukua kabla hajasema neno.

Alipoamka alimkuta Um Rifaat, mama wa nyumba ya pili, anafuta meza ya jikoni. Foronya zilikuwa zinaning'inia kambani, nyeupe pe. Vikombe vimepangwa vinang'aa.

"Lala tu mwanangu, kazi imekwisha," Um Rifaat akasema. "Foronya nimezichemsha na dawa ya madoa. Na vile vikombe, kahawa ya moto ilishaanza kuimenya ile michoro. Nikaona si adabu, Kaaba tukufu kubaki nusu. Nimevisugua kwa steliwaya mpaka vikatakata. Vimenitoa jasho, lakini nimeona nimfanyie marehemu hilo."

Nagwa akachukua kikombe, akakizungusha. Akachukua cha pili. Akapitisha kidole pale lilipokuwa jina, pakawa laini tu.

"Mungu aihifadhi mikono yako, mama," akasema, maana angesema nini?

Akakaa sakafuni na kulia kilio ambacho msiba mzima hakukilia. Um Rifaat akakaa naye, akamkumbatia kwa mikono inayonuka sabuni. Akamwambia alie, asijizuie, mama kama yule anastahili kuliliwa.