Anayechunguzwa ni Mama

Mtu akiniambia anafanya kazi bila mshahara, mimi humtazama mara mbili. Ndivyo nilivyo, na sitaomba radhi. Kwa hiyo binti yangu Chepkoech aliposimama jikoni kwetu Beltsville, huku Amerika, kiangazi cha mwaka 1998, akaniambia kwamba anakwenda Nepal kufundisha hisabati kwa kujitolea, nilizima jiko kwanza ndipo nikauliza.

"Nepal ndiyo wapi?"

"It's next to India, Mom. In the mountains."

"Milima hata Kericho iko. Nani anakulipa?"

"Nobody. That's the whole point."

Chepkoech alikuja Amerika ana miaka tisa. Kiswahili anakielewa chote, hata ninaponong'ona kwenye simu, ila kunijibu ni kwa Kiingereza tu. Huku nilimlea peke yangu, babake alishafariki. Nimegeuza wazee wa watu vitandani ili asome, na alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo. Wenzake wa chuo cha Bowie walikuwa wanatafuta kazi za serikali, wangu anatafuta mlima.

"Hao wa kujitolea nawajua," nikamwambia. "Sekondari tulikuwa na Miss Heather, wa kutoka Kanada. Alitufundisha fizikia vizuri sana. Muhula wa pili wa kidato cha nne akapata barua ya kwao, akatukumbatia, akapanda ndege. Mtihani tuliufanya bila mwalimu. Unafikiri ni kwa nini leo mimi si daktari?"

"I'm not Miss Heather."

"Hata yeye hakujua kwamba ni Miss Heather."

Tangu siku hiyo nikaanza kuchunguza. Nilisikiliza simu zake nikijifanya natafuta chumvi. Nikagundua kwamba kila Jumapili baada ya kanisa anakwenda Riverdale Park, nyumbani kwa Mnepali mmoja anayeitwa Dilliram, ati kujifunza lugha. Mwanamume. Nikauliza umri wake, Chepkoech akacheka. Mtoto akicheka badala ya kujibu, mzazi mwenye akili hukaa macho.

Jumapili moja akarudi na donge jekundu katikati ya kipaji cha uso, rangi iliyochanganywa na punje za mchele, na shingoni taji la maua ya manjano. Macho yake yaling'aa.

"It's just a blessing, Mom. For the journey."

Baraka! Kesho yake kazini nikamwambia Rosalie, Mkongo wa Bukavu ninayefanya naye zamu moja. Rosalie alipiga makofi kwa huzuni.

"Ma chère, ile haiko bénédiction. Ile ni fiançailles, ni uchumba! Bameisha kumuoa mutoto, na weye haujue."

Nilikuwa nimeshafikiri hivyo hivyo, nilitaka tu kumsikia mtu mwingine akisema. Dalili ya mvua ni mawingu. Msichana mrembo, mwanamume mgeni, rangi, maua, safari ya mbali. Kuna ualimu gani hapo?

Sasa, kwetu Kericho upande wa mvulana ndio unaokuja kwa msichana. Wazee hutumwa, wanakaa, wanachunguza ukoo: kuna wachawi, kuna wavivu, kuna wanaoacha wake? Lakini Amerika mambo yamepinduka. Kama hawakuja, tutakwenda sisi. Nilimwita Mzee Mutai, mzee wa kanisa letu, mtu wa suti na fimbo anayejua maneno ya posa. Rosalie alijialika mwenyewe. Tulibeba kreti ya soda, mikate na sukari, kwa sababu huwezi kwenda kugombana na watu mikono mitupu. Chepkoech hatukumwambia.

Mlango ulifunguliwa na mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa na sweta, joto lote lile. Huyo ndiye Dilliram. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, anakaa kwa mwanawe na mkwewe. Nilitazama huku na huko nikitafuta kijana. Hapakuwa na kijana. Moyo ulitulia kidogo, kisha ukashtuka upya: labda kijana yuko kule mlimani, anasubiri.

Tukaletewa chai. Iliyochemshwa na maziwa na majani pamoja, sukari ya kutosha, tangawizi. Nilikunywa nikiwa nimekasirika, maana sikutaka chai ya watu hawa iwe kama yangu. Kwa desturi yetu hakuna anayegusa shauri kabla vikombe havijaisha, na inaelekea hata kwao ni hivyo, kwa hiyo tulikaa tunatabasamiana kama wapumbavu. Mwishowe Mzee Mutai akasimama, akakohoa.

"Tumesikia," akasema kwa Kiingereza cha kanisani, "kwamba ndama wetu ameonekana katika boma hili."

Dilliram aliweka kikombe chini. Alionekana kusikitika kweli. "Amepotea lini? Hapa mjini hawaruhusu ng'ombe, lakini nitamwambia mwanangu atafute."

"Ndama ni binti wa huyu mama," Rosalie akamsaidia. "Bwana wake yuko wapi?"

Ilichukua muda kueleweshana. Yule mzee alipofahamu kwamba tumekuja kwa habari ya ndoa, hakucheka, na hapo nikamheshimu kidogo. Alituambia ile rangi ni baraka anayopewa yeyote anayesafiri, hata yeye alipakwa alipokuja Amerika. Hakuna kijana, hakuna mahari. Kuna shule tu, darasa la kumi, watoto wanaosubiri mtihani mkuu wa nchi na hawana mwalimu wa hisabati.

Rosalie alishusha pumzi. Mimi sikushusha. Nilikuwa na mpango wangu mwingine moyoni, ambao hata Rosalie sikumwambia: ndoa iwepo isiwepo, Chepkoech atakwenda, atakaa mwezi mmoja nisionekane mbaya, kisha nitampigia simu nimwambie Kogo anaumwa. Kogo ni mama yangu. Ndiye aliyemlea Chepkoech nilipotangulia Amerika, akamlaza kwenye kitanda chake mpaka siku alipompandisha ndege. Kwa ajili ya Kogo, binti yangu angeshuka mlima huo kwa magoti.

"Nafurahi mmekuja," Dilliram akasema, "kwa sababu nilikuwa nataka kuja kwenu." Akanitazama mimi peke yangu. "Shule yangu imewahi kupata walimu wa kujitolea kabla ya huyu. Watu wema. Hakuna hata mmoja aliyefika siku ya mtihani. Mmoja dada yake aliolewa. Mmoja babake alianguka. Mmoja mamake alipiga simu kwamba anaugua, na baadaye tukasikia alikuwa mzima. Watoto wetu siku hizi hawajifunzi hata jina la mwalimu mgeni. Kwa hiyo mimi simchunguzi tena mwalimu. Namchunguza mama yake."

Alikuwa ananitazama kama mtu anayenusa maziwa kabla ya kuyamimina kwenye chai. Mimi niliyekuja kupekua ukoo wake, ndiye niliyekuwa napekuliwa.

"Mama," akasema, "utamwita?"

Ningeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilimwona Miss Heather akishika ile barua, na kwa mara ya kwanza nikamfikiria aliyeiandika, mwanamke fulani huko Kanada aliyekaa jikoni kwake na kumtaka mtoto wake. Nilimchukia mwanamke yule. Na nilikuwa yeye.

"Sitamwita," nikasema. "Mpaka mtihani uishe."

"Hata likitokea jambo?"

"Hata likitokea."

"Nimesikia," akasema Mzee Mutai, akagonga fimbo sakafuni, kama anavyofanya wazee wanapokubaliana. Kwetu neno lililosemwa mbele ya wazee huwezi kulimeza tena. Nilirudi Beltsville nimechukia kila mtu, Rosalie akila mkate tuliosahau kuutoa garini.

Chepkoech aliondoka Agosti. Shule ilikuwa juu, simu iko bazari, sokoni chini, kwa hiyo alikuwa akipiga mara moja kwa mwezi, Jumamosi, ndiyo siku yao ya mapumziko, Jumapili wanasoma. Alinisimulia watoto wake. Mwanzoni walikaa kimya darasani, wakingoja aondoke. Kufikia Krismasi walikuwa wakimfuata mpaka mlangoni na madaftari. "They asked me if I'm staying, Mom. I said yes." Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumpa mimi, na niliona wivu, nasema kweli.

Mwisho wa Januari, Kogo akafa. Alilala vizuri, asubuhi hakuamka.

Watu wetu wanajua kuja. Jumamosi ile nyumba ilijaa tangu alfajiri, wauguzi waliotoka zamu ya usiku wakiwa bado na sare, sufuria za chai, mandazi, wimbo juu ya wimbo. Tikiti yangu ya Kenya ilikuwa ya Jumanne. Nilikaa kwenye kochi, Rosalie amenishika mkono, na nilimtaka binti yangu siku ile kuliko nilivyowahi kumtaka mtu.

Simu ikalia. Nilipoona namba ndefu nilijua. Niliinua mkono, na wimbo ukakatika katikati. Wakanitazama wote.

"Mom! Who's there? I heard singing."

"Watu wa kanisa. Tunasali."

"On a Saturday morning?"

"Kwani Mungu ana zamu?"

Hakucheka. Mzee Mutai aliinama sikioni mwangu, akaninong'oneza, "Mwambie. Ile ahadi ilikuwa ya kumwita tu. Kumwambia hujakatazwa." Lakini mimi namjua mtoto wangu. Kumwambia ndiko kumwita.

"Mom, you sound weird. Is Kogo okay?"

Mama yangu alikuwa mochari Kericho.

"Kogo ako sawa," nikasema. "Anauliza kama watoto wako watapita."

"Tell her some of them will. Tell her there's a girl who walks two hours and she's better than me. And I bought Kogo a shawl."

"Nitamwambia. Nakwenda kumwona Jumanne."

Nikasikia magari ya bazari ile, honi, mtu akiuza kitu.

"You're going to Kenya? Now? You never go in winter." Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, ile ya kuchunguza. "Mom, what are you hiding?"

"Nifiche nini? Nenda ukapumzike, kesho una darasa."

"Swear to me."

"Chepkoech, naapa," nikasema, na nikaweka simu chini kabla hajauliza tena.

Rosalie alikuwa analia waziwazi.

"Ukimaliza kuzika utamwambia?" akauliza Mzee Mutai.

"Mtihani ni mwezi wa nne," nikamjibu, kisha nikaomba mtu aanzishe wimbo, kwa sababu mimi nisingeweza.