Ugomvi wa Juu ya Mti

Habari za kustaafu kwangu nilizipata garini, kutoka kwa shemeji yangu, mtu ambaye siri haijawahi kulala kwake. Tulikuwa tumebanana watatu mbele ya pikapu: yeye kwenye usukani, mimi katikati, mume wangu, Baba Pacha, dirishani na kamba mapajani. Nyuma kulikuwa na ngazi, misumeno, na mashine ya kukatia nyasi iliyokuwa ikivuja mafuta juu ya kila kitu.

"Kwa hiyo shemeji," akasema, "ukishastaafu kupanda utakuwa unakaa ofisini, au vipi?"

Hatuna ofisi. Hilo ndilo lililonishtua kwanza.

"Nani anastaafu?" nikauliza.

Shemeji akamtazama kaka yake. Kaka yake akaitazama kamba. Baba Pacha akibanwa huwa hasemi uongo, anatafuta kitu cha kukagua, na asubuhi ile aliikagua kamba ile uzi kwa uzi mpaka tukafika kwenye taa za barabarani. Hapo ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha kabla hajashtakiwa, kwamba alikuwa ameulizia tu gari la kukodi. Gari lenye mkono mrefu na kikapu mwishoni, kama lile la mafundi umeme. Linakuja na mtu wake wa kukaa kwenye kikapu.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Chini," akasema. "Na mimi. Kwa usalama."

Damu ilinichemka mpaka nikaisikia masikioni.

Ili mnielewe, lazima mjue kazi yetu tunavyoigawana. Mlangoni mwa pikapu pameandikwa PACHA BUSTANI NA MITI, kwa mkono wa mume wangu mwenyewe, herufi zikianza kubwa na kumalizikia ndogo kwa sababu mlango ulimwishia. Yeye ni mtu wa bustani. Nyasi, maua, ua la michongoma, njia za kokoto na kuongea na wateja, vyote hivyo ni vyake. Kilicho juu ya paa ni changu. Mume wangu akisimama juu ya stuli anaona kizunguzungu. Nyumbani kwetu balbu ikiungua nabadilisha mimi, naye anaishika stuli kwa mikono miwili huku akinishauri.

Mimi nimepanda miti tangu nikiwa msichana, kwa marehemu baba yangu, aliyekuwa na kazi hii kabla yetu. Yeye alishika kamba, mimi nilipanda, kwa sababu nilikuwa mwepesi na sikuwa na akili ya kuogopa. Baba alituachia sheria moja tu: aliye juu na aliye chini wasiwe wamenuniana. Kama mna ugomvi, umalizeni ardhini ndipo mtu avae mkanda wa kupandia. Mshika kamba mwenye kinyongo hasikii anachoambiwa, alisema, heri uifunge kamba kwa mbuzi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijapanda, mimi na Baba Pacha tunatazamana machoni na kila mmoja anasema, "Sina neno." Kuna siku inachukua muda. Mteja mmoja aliwahi kutupa chai ya asubuhi na chakula cha mchana kabla hatujagusa mti, maana siku hiyo tulikuwa tunajadiliana kuhusu mama mkwe wangu.

Siku hii muda haukuwepo. Kazi ilikuwa kwenye zahanati, na matroni alikuwa akitusubiri getini, saa yake ya kifuani ikining'inia kama medali. Tawi moja kubwa lilikuwa limelalia paa la wodi ya wazazi. Upepo ukivuma linakwaruza mabati, watoto wachanga wanaamka, na mmoja akianza kulia wanamfuata wote.

"Mnaanza sasa hivi au mnaanza kesho?" akauliza.

"Sasa hivi," tukajibu pamoja. Lilikuwa jambo la mwisho tulilokubaliana kwa muda mrefu.

"Sina neno," nikasema, nikiuangalia msumeno.

"Sina neno," akasema Baba Pacha, akiiangalia kamba.

Nikapanda. Nilikuwa na maneno tele, yamenijaa mpaka kooni, na nilipanda nayo yote.

Nikaipitisha kamba iliyofungwa mkandani mwangu kwenye panda ya juu, pale mti unapogawanyika, yeye akauzungusha mwisho wake kwenye shina kule chini kama kawaida yetu, na nikaanza na matawi madogo. Shemeji akawa anayaburuta pembeni. Kwenye baraza la zahanati kulikuwa na benchi refu la wagonjwa wanaosubiri daktari. Walioketi mbele kabisa walikuwa mama mjamzito anayejipepea kwa kadi yake ya kliniki, na mzee aliyefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, shavu limemvimba kwa jino.

"Polepole hapo," Baba Pacha akasema kutoka chini.

Neno hilo nimelisikia miaka yote ya ndoa yetu na halijawahi kunikera. Siku hiyo lilinichoma.

"Polepole kamwambie wa kikapuni."

"Mama Pacha, tuko kazini."

"Mimi niko kazini. Wewe uko kwenye mipango."

"Nilitaka kukuambia. Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Shemeji kaupata, wewe umeukosaje?"

Shemeji akajitia anapanga matawi. Kutoka juu nilimwona akipanga yaleyale mara mbili. Mama mjamzito alikuwa ameacha kujipepea.

"Anastaafishwa bila taarifa," akamweleza mzee wa jino. Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, maana kusema hakuweza.

Matroni akatoka. "Jamani, hapa ni zahanati."

"Subiri kidogo, matroni," akasema mama mjamzito. "Tujue kisa."

Matroni akasimama na mikono kiunoni. Nadhani naye alitaka kujua kisa.

Basi nikakitoa chote. Nilisema kwamba nina watoto wawili wanaofanana na wanaoniita kwa zamu, kwamba nyumbani nina mume, mama mkwe na kuku, na kwamba juu ya mti ndipo mahali pekee duniani ambapo hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi. Nilisema akiniteremsha mtini hatakuwa amenipumzisha, atakuwa amenifuta. Nikachukia kwamba nimeyasema mbele za watu, nikakata tawi ambalo halikuwa hata kwenye hesabu.

Pale kwenye benchi kuna aliyepiga makofi. Baba Pacha hakuondoa macho kwangu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Kwa sasa."

"Siku ile kwa mwenye duka la mbao, tawi lilipokatika chini ya mguu wako. Unakumbuka ulifanya nini?"

Nilikumbuka. Nilianguka urefu wa mkono hivi, kamba ikanidaka, nikabaki ninabembea juu ya mbao za watu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Ulicheka," akasema. "Mimi nikacheka kwa sababu umecheka. Nilipofika nyumbani sikuweza kula, ukadhani nimeikataa mboga. Mpaka leo nikifumba macho naona ile kamba inanitoka mikononi. Sasa nifanyeje? Nimeulizia gari. Sijui kufanya kingine."

Mimi nikibanwa huwa nazidi ukali.

"Huo ni woga wako, si wangu. Hujawahi kupanda hata kitanda cha juu cha watoto. Utajuaje huku kukoje?"

"Na wewe hujawahi kuishika hii kamba."

Hilo lilikuwa kweli. Nilitafuta mwaka, nilitafuta mti, sikupata. Kutoka kwa baba nilikwenda kwa mume, na siku zote nilikuwa mwisho ule ule wa kamba.

"Basi badilishaneni," akasema matroni. "Mtu apande, mtu ashuke, mmalize. Mimi nina foleni, na hawa mmeshawasahaulisha hata magonjwa yao."

Nilishuka nikiwa na uhakika kwamba atakataa. Baba Pacha alinivua mkanda, akaulegeza mpaka tundu la mwisho, akavuta tumbo ndani na kuufunga. Akavaa helmeti yangu, ambayo ilimkaa juu ya kichwa kama kifuniko cha sufuria ndogo. Shemeji akaniambia, "Niishike mimi hiyo kamba, shemeji, kaka ana uzito wake." Nikamwambia akae mbali na kamba hii na mambo yote yanayonihusu.

Alipanda ngazi macho yameangalia shina. Kila kidato alikishika, akakitingisha, akakitingisha tena. Nadhani alikuwa akiongea na mti, midomo ilikuwa inacheza. Mimi chini nilivuta kamba taratibu kadiri alivyopanda, nikiona fahari kidogo na utani mwingi, nikipanga jinsi nitakavyolisimulia jambo hili kwa majirani. Alipofika kwenye panda ya kwanza akasimama, akanyanyua mguu aende juu zaidi. Pale hata mimi sikumwomba aende.

Mguu ukateleza.

Nilikuwa nimefikiri mara zote kwamba mshika kamba husikia uzito. Sivyo. Kwanza kamba inalegea. Mtu ameshaachana na mti na bado hajafika kwenye kamba, na wewe umeshika kitu kisicho na mtu mwishoni. Ni kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, na ndani yake nilipata nafasi ya kuwaona pacha wangu, nyumba yetu na stuli, na kuona kwamba hakuna wa kuishika. Halafu uzito ukaja, ukanivuta mpaka nikalikumbatia shina kwa shavu.

Kamba ilishika. Baba Pacha alikuwa akining'inia kando ya panda, helmeti imemfunika uso, miguu ikitafuta ardhi hewani. Nikaizungusha kamba kwenye shina mara nyingine, na nyingine tena.

Akaisukuma helmeti nyuma. Akaangalia chini. Akaangalia paa la wodi, akaangalia mbali kule juu ya ukuta wa zahanati. Kisha akaanza kucheka.

Alicheka kicheko cha mtoto anayetekenywa, kinachoanza kwa kukwama na kufunguka chote. Benchi nalo likacheka. Mzee wa jino alilishika shavu lake kwa mikono miwili, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Unacheka nini?" nikapiga kelele. "Baba Pacha, unacheka nini? Ungekufa hapo."

"Mama Pacha, kumbe naona mpaka sokoni."

"Shuka."

"Nipandishe kidogo tu."

"Polepole hapo. Usijitingishe. Shika mti, nimekuambia ushike mti." Nilisikia maneno yakinitoka na nikajua ni ya nani, lakini sikuweza kuyazuia.

"Kidogo tu, mke wangu, mpaka pale kwenye tawi—"

Nikamshusha kama ndoo ya kisimani, bila kumuuliza. Miguu yake ilipogusa chini nilimkamata kwa mkanda na nikaendelea kumshika, ingawa alikuwa ameshasimama vizuri. Mama mjamzito aligeuza uso upande mwingine, kwa adabu, akawaashiria wenzake nao wageuke, na wenzake wakagoma.

"Ile siku ya mwenye mbao," nikamwambia, "hukuniambia kwamba inalegea kwanza."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unacheka."

Sikumwomba msamaha, sijui kuuomba mbele za watu. Nilimwambia tutalikodi gari lake kwa miti iliyooza, ambayo hata baba asingenipandisha. Miti mizima ni yangu mpaka nizeeke. Akafikiri, akasema sawa, lakini aliyeko juu aseme anachokata kabla hajakikata, asimwache aliye chini anabahatisha. Nikasema nitasema. Shemeji akauliza, kwa hiyo nani atakaa kwenye kikapu, maana kaka sasa ameonja. Tulimwambia wote wawili akae kimya, na matroni akatuuliza kama sasa anaweza kupata tawi lake.

Nikavaa mkanda, nikaukaza tundu kwa tundu mpaka ukarudi kuwa wangu, nikapanda tena.

Tawi lilikuwa pale pale, limelalia mabati. Kabla sijawasha msumeno nilitazama chini. Katika miaka yote hii sikuwa na mazoea ya kutazama chini. Unatazama tawi, unatazama mguu utue wapi. Nikamwona mume wangu amesimama amenyanyua uso, kamba mikononi. Nikasogea kushoto, naye akasogea. Nikajiinua kidogo, mkono wake ukaivuta kamba. Nikashusha mguu mmoja hewani bila sababu yoyote, na mkono wake ukaachia kidogo, taratibu, kiasi kile kile cha mguu.

Nikaurudisha mguu. Nikaushusha tena, nikaurudisha tena, msumeno bado haujawashwa, mpaka akauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," nikasema. "Nakata hili la juu ya paa."

"Kata," akasema.