Ringi Zilizokosekana

Mzee Mithika, mwalimu mstaafu, alimpigia bintiye simu asubuhi akinong'ona.

"Kinya, nguzo ya katikati imepasuka. Nimeingiza kidole, kikaingia."

"Mama yuko wapi?"

"Juu. Si unajua hawezi kushuka."

Kinya alikuwa mhandisi mjini Embu, na kazi yake ilikuwa kuokoa nguzo za namna hiyo: alizivisha kitambaa cha nyuzi za kaboni kilicholoweshwa gundi, nacho kikikauka kinaibana zege isipasuke. "Toeni watu wote," alisema. "Hata Mama." Alipakia kitambaa kilichobaki kwenye kazi yake ya mwisho, makopo ya gundi na vyuma vya kutegemeza slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, akaendesha hadi kwao Kianjai katika mvua ya Aprili.

Alikuta majirani wamesimama barabarani. Mama yake, Marcella, alikuwa bado ghorofani. Alikuwa amepasuliwa nyonga wiki mbili zilizopita, na walipojaribu kumbeba alipiga mayowe, wakamrudisha kitandani.

Kinya alipanda. "Mama, tunashuka."

"Niache, mwanangu. Maumivu haya siyawezi tena."

"Basi nitakaa hapa na wewe."

Marcella alimtazama, akaona hatanii. Akatia kinywani kipande cha leso, akakiuma.

Walimlaza juu ya mlango uliong'olewa. Mmoja wa wanaume wanne walioubeba alikuwa Mbaka, fundi aliyeanza kuijenga nyumba hiyo miaka kumi na tisa iliyopita, kisha Mithika akamfukuza. Kwenye kona ya ngazi mlango ulikwama. Ilibidi wauinamishe, na uzito wote wa Marcella ukaangukia upande wa nyonga. Chini yao kitu kilipasuka kwa mlio, vumbi likapanda. Walitoka mbio naye mvuani.

Kinya na Mbaka walirudi ndani wakategemeza slabu kwa vile vyuma. Chumba cha juu ya nguzo kilijaa magunia ya maharagwe ya mpangaji. Yalishushwa moja moja. Kisha Kinya akabandua plasta. Vyuma virefu vilikuwepo, lakini ringi za kuvifunga zilikuwa zimeachana mno. Alipima kwa mkono. Kati ya ringi na ringi palikuwa na zaidi ya nusu mita.

"Baba, ringi ziko wapi?"

Mithika alikuwa ameingia, ingawa alikatazwa. Alitazama sakafu.

"Chuma kilikuwa kinaisha. Nami nilitaka tumwage zege kabla ya mvua. Mbaka alikataa, kwa hiyo nikaleta mwingine." Akamtupia Mbaka jicho. "Halafu nikawaambia watu kwamba Mbaka hajui kazi."

Mbaka aliendelea kusugua pembe za nguzo ziwe za mviringo, maana pembe kali hukata kitambaa.

"Kitambaa hiki kitafanya kazi ya zile ringi," Kinya alisema. "Lakini kinatosha nguzo mbili, na mbovu ni nne."

"Basi funga hizo mbili."

"Na zile za nyuma?"

Mzee alichukua kopo la gundi, akaanza kulifungua.

Zege ilikuwa na unyevu, na gundi haishiki penye maji. Walizungushia nguzo majiko ya makaa, macho yakawachoma kwa joto na vumbi, hadi ikakauka. Gundi ikishachanganywa huganda upesi. Kinya alipaka, Mbaka akazungusha kitambaa akikivuta kwa nguvu zake zote, Mithika akasukuma mapovu ya hewa kwa rola. Mara mbili slabu iliguna, wakasimama bila kupumua, kisha wakaendelea. Nguzo ya pili ilipokwisha, Kinya aliwatoa wote, akazungushia nyumba kamba na kukataza mtu kuivuka.

Kesho yake adhuhuri, mbele ya macho yao, nguzo ya kona ya nyuma ilisagika. Jikoni na chumba cha kulala cha wazee vikaporomoka pamoja na kitanda alichokuwa amelalia Marcella. Upande wa mbele ulibaki umesimama juu ya nguzo mbili zilizovikwa kitambaa cheusi.

Marcella, aliyelazwa kwenye sebule ya jirani, alisikia kishindo, akaanza kuita majina yao moja moja mpaka Kinya alipokimbilia kwake.

Barabarani Mithika aliwageukia majirani. "Mbaka alinionya," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nilimsingizia. Alikuwa anajua kazi kuliko sisi sote."

Machozi yalimtiririka Mbaka, akayafuta kwa kiganja chenye gundi kavu. "Miaka kumi na tisa, Mwalimu," alisema. "Watoto wangu walikulia kwa vibarua vya shamba kwa sababu ya neno lako."

"Najua."

"Hujui."

Kinya aliporudi aliwaambia kwamba hata sehemu iliyosimama itabidi ibomolewe, taratibu, kuanzia juu. Mbaka alisema atakuja Jumatatu kusaidia. Kisha akaondoka bila kumpa Mzee mkono.