Mnazi Usiochacha

Judy alikuwa akimwosha mtoto miguu nje ya chumba chao cha kupanga, Bombolulu, mamake alipotoka na kibuyu.

"Kibebe. Hakimu ajionee mwenyewe."

Ndani mlikuwa na mnazi wa mahari yake. Mnazi ukilala siku mbili tatu huwa siki, lakini huu ulikuwa na miaka minne na bado ni mtamu, povu juu. Siku ya mahari, baba yake mdogo Ngumbao alimpa auonje mbele ya wageni, maana binti akionja ndiyo amekubali. Judy akafunga mdomo. Ngumbao akacheka, "Ana haya huyu," akamwonjea. Vigelegele vikapigwa. Mnazi uliosalia ukawa unamngoja Judy mwenyewe auonje, na majirani wote walilijua hilo.

Mahakamani Judy hakuomba talaka. Talaka ni ya aliyeolewa akakubali. Aliomba ndoa ibatilishwe.

Hakimu, mama wa makamo, alinusa kibuyu. "Umegemwa leo?"

"La, mheshimiwa. Ni ule wa mahari."

"Ni ule ule," akasema Felix, mumewe. "Hata mamangu huja kuunusa akiwa na mafua."

Watu wakacheka. Hakimu akaandika kwamba mnazi haujachacha, na kwamba Judy hakuonja. Kisha akaeleza kuwa ombi la kubatilisha huletwa kabla ndoa haijatimiza mwaka.

"Mwaka huo ulikuwa wapi, mama?"

"Ndani, mheshimiwa. Alikuwa akinifungia kwa kufuli."

Hakimu akaliandika na hilo. Akawapa utengano: kila mmoja akae kwake, mtoto abaki na Judy.

"Kwa hivyo mimi bado mke wake?"

"Kisheria, ndiyo. Ila hulazimiki kukaa naye."

Nje, Ngumbao alimpa pole, tena pole ya kweli. Akampokea kibuyu, maana Judy alikuwa amembeba mtoto, akakitegea sikio kusikia povu.

"Huu bado mzuri. Jumamosi watu wanamjia mdogo wako Mercyline. Tununue mwingine wa nini?"

Judy akamhamishia mtoto bega la pili.

"Mercyline mwenyewe amesemaje?"

"Ameshapimwa nguo," akasema Ngumbao, akatangulia kituoni.