Mgongo wa Mwalimu

Hapana, hakuna aliyemfukuza, ondoa hilo kichwani. Mwalimu alifundisha Kijapani miaka ishirini na sita kwa chaki na ubao, na kila herufi mpya aliifundisha vile vile: anawapa wanafunzi mgongo, ananyanyua mkono, anaichora hewani mstari kwa mstari, nao nyuma yake wananyanyua yao. Ukiwageukia, alikuwa akisema, kulia kwako ni kushoto kwao, utawavuruga.

Basi shule ikahamia kwenye kompyuta, kila mtu asomee kwake. Ofisi ikampa Mwalimu mwezi mmoja. Siku ya mwisho wanafunzi kumi wakikaa mpaka kipindi kiishe, darasa linabaki lake. Wakipungua, watasomeshwa na programu ya simu.

Siku hiyo ikafika. Mumewe, fundi saa, akaisogeza meza ya kulia ukutani, akaipandisha kompyuta juu ya madebe mawili, akakaa pembeni kulinda waya usichomoke. Kwenye kioo cha kompyuta walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na kijumba chake. Mwalimu akawaambia leo ni herufi ya neno kula, mistari tisa. Akawapa mgongo kama alivyozoea.

Mstari wa kwanza, kijumba kimoja kikazimika. Fundi akadhani ni mtandao. Wa pili, vikaenda vitatu. Darasani nani angethubutu? Wenyewe walikuwa wakisema mgongo ule una macho. Huku kwenye kioo ulikuwa mgongo tu. Fundi akataka kumwita. Amkatize mbele ya waliobaki? Wakabaki sita. Wakabaki wanne. Mstari wa tisa ulipoisha kilikuwepo kijumba kimoja, nacho hakina uso, ni dari na mvuke wa sufuria. Dari ile aliijua, aliipaka rangi mwenyewe. Binti yao alikuwa ameingia darasani kwa simu yake, kutokea jikoni.

Mwalimu akageuka, akakitazama kioo. Fundi akaanza kuusema mtandao, kwamba siku hizi ni wa kubahatisha.

“Acha, baba watoto. Niliwasikia. Kila anayetoka, hiki kidude kinalia.”

“Sasa mbona hukugeuka, mke wangu?”

“Ningeiacha herufi katikati?”

Binti akaja na sufuria, macho mekundu, akasingizia vitunguu. Baba yake akamwambia chakula chenyewe hakina kitunguu hata kimoja. Wakacheka kidogo, kicheko kikaisha njiani.

Hapakuwa na pa kula, meza imekaliwa na shule. Fundi akachomoa waya ule ule aliokuwa akiulinda, akashusha kompyuta, akashusha madebe, wakairudisha meza katikati. Mwalimu akamtaka binti aonyeshe alichojifunza. Akaichora kwa kidole mezani. Mama yake akamsimamisha kwenye mstari wa saba, akamshika mkono, wakaurudia pamoja, polepole, mpaka wa tisa. Halafu akavuta kiti, nao wakavuta vyao, wakakaa kula.