Tuta Kati ya Namba Tatu na Namba Nne

Theluji ilianza kabla ya kupambazuka, na ilipofika saa mbili asubuhi treni zote zilikuwa zimesimama na barabara kuu ya kusini imefungwa. Toshie Fukushi alisikia habari hiyo kwenye redio ya jikoni huku akiyafunga matonge ya wali kwa karatasi ya mwani. Alifunga sita: mawili yake, manne ya mjukuu wake Wakana, kwa sababu msichana huyo akiwa na hofu hula kwa watu wawili. Juu ya matonge aliweka tufaha moja, mojawapo ya yale yaliyobaki yameng'ang'ania tawi wakati upepo wa Septemba ulipoangusha nusu ya shamba. Kwao, anayekwenda kwenye mtihani hupewa tufaha la namna hiyo, ili naye asianguke.

Wakana alikuwa na miaka kumi na minane. Kesho yake saa tatu asubuhi alitakiwa awe amekaa kwenye dawati huko Tokyo, afanye mtihani wa kuingia chuo cha udaktari wa mifugo. Aliyeukosa angesubiri mwaka mzima. Bila treni na bila barabara, ilibaki ndege moja tu, ile ya kutua saa nne na nusu na kugeuza kurudi Tokyo. Baada yake, walisema watabiri, dhoruba kubwa ingefunga anga mpaka kesho.

Mumewe Toshie aliwasindikiza hadi mlangoni kwa magongo yake, akampangusa Wakana theluji mabegani, kisha akampangusa tena ingawa hapakuwa na kitu. Garini msichana alianza tonge la pili.

"Wewe ndiye unayefagia uwanja wa ndege, Bibi," alisema. "Mimi sina wasiwasi."

Toshie alikaza macho barabarani. Ni kweli alikuwa anafagia, lakini huo ulikuwa msimu wake wa kwanza. Kila majira ya baridi, matufaha yakishaingia ghalani, wakulima wa mji ule na wafugaji wa chaza wa ghubani hugeuka madereva wa magari ya theluji pale uwanja wa ndege. Mumewe alikalia kiti cha gari namba nne kwa miaka kumi na tisa. Mwaka huu goti lilimshinda, na Toshie, aliyeendesha trekta tangu ujana, akaomba kiti hicho akapewa.

Alimwacha Wakana ndani ya jengo la abiria. Watahiniwa walikuwa thelathini na mmoja, wamekaa sakafuni kando ya dirisha kubwa, vitabu magotini, na hakuna aliyekuwa anasoma. Wote walikuwa wanatazama nje, ambako hakukuonekana kitu ila weupe.

Kwenye banda la magari alikuta habari nyingine. Nakahata, dereva wa namba tatu, alikuwa amelala kifudifudi juu ya benchi la chumba cha chai. Jana alipanda kusukuma theluji juu ya paa la mama yake, na alipoinua koleo la mwisho mgongo ukamkatika. Hata kukaa hawezi.

Nakahata alikuwa mfugaji wa chaza, mtu wa maneno makali. Toshie alikuwa anamwogopa tangu siku ya kwanza, alipomwambia mbele ya watu kwamba anaendesha kama mtu aliyebeba supu. Hata hivyo alimwekea tonge lake moja karibu na mkono.

"Hili ni la nani?" Nakahata aliuliza bila kuinua uso.

"Lako, Bwana Nakahata. Kuna samaki ndani."

"Una huruma kwa wagonjwa. Nenda, utachelewa."

Nafasi yake ilichukuliwa na Narita, dereva wa basi mstaafu, mtu wa kufuata sheria neno kwa neno, ambaye miaka yote hakuwahi kugusa ukingo wa barabara.

Kazi yenyewe ni hivi. Magari kumi ya njano, kila moja na bamba la chuma mbele pana kama ukuta wa chumba, huenda kwa mshazari, kila moja nyuma kidogo na kulia kidogo ya lililotangulia. La kwanza husukumia theluji yake njiani kwa la pili, la pili kwa la tatu, mpaka la kumi linaitupa yote pembeni, ambako magari mengine huirusha mbali. Nyuma yao huja magari ya mafagio ya chuma kumalizia. Sheria ni moja: ncha ya bamba lako ilambe alama ya gurudumu la kulia la aliye mbele yako. Ukijitenga naye, mnaacha tuta la theluji katikati, na ndege haitui penye tuta.

Mzee Mikami, kiongozi wao, ndiye aliyekuwa namba moja. Alizungumza kwenye redio ya upepo kwa sauti ile ile aliyoombea chumvi mezani. Akasema ndege imeshaondoka Tokyo na waanze.

Wakaenda. Theluji ilirushwa juu na mabamba ikawa moshi mweupe, na Toshie hakuona kitu ila taa mbili nyekundu za Narita. Alizifuata kwa jinsi alivyofuata siku zote, kwa heshima, akiacha nafasi. Walikwenda hadi mwisho wa njia ya kurukia, wakageuka, wakarudi upande wa pili. Dakika thelathini na nane. Mabega yalimuuma, lakini moyo ulikuwa mwepesi. Ndege ilikuwa tayari juu yao, inasikika inaunguruma mawinguni.

Kisha gari la ukaguzi likapita, na sauti ya mkaguzi ikaja redioni. Kuna tuta, alisema, kimo cha kiganja, upande wa kwenda na upande wa kurudi, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Upepo umegeuka wa baridi kali na tuta linaanza kuwa barafu. Njia haifunguliwi.

Mnara wa kuongozea ndege ukaongeza kwamba rubani anaweza kuzunguka kwa dakika thelathini na tano. Baada ya hapo atakwenda kutua uwanja mwingine, na hatarudi leo.

Mzee Mikami aliita magari bandani kwa dakika tatu, wajaze mafuta na wasikie. Aliuliza tuta liko wapi hasa. Mkaguzi akasema kati ya namba tatu na namba nne.

Narita alivua kofia. Akasema kwa upole kwamba yeye alilamba alama ya namba mbili kama inavyotakiwa, kipimo kamili, lakini huenda amekosea na anaomba radhi. Toshie alijua hakukosea. Alihisi uso unawaka. Akasema kwamba hajui, kwamba ameendesha kama kila siku, na kila siku hapakuwa na tuta.

"Kila siku lilikuwepo," ilisema sauti mlangoni.

Nakahata alikuwa amesimama pale amepinda kama ndoano, mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine umeshika nusu ya tonge la wali.

"Kila siku lilikuwepo, Mama Fukushi. Nilikuwa nalifuta mimi. Unakaa mbali nami nusu mita, basi mimi nasogea kwako nusu mita. Nampunguzia namba mbili, nakuongezea wewe. Miezi miwili na nusu naendesha jicho moja mbele na jicho moja kwenye kioo, nakutazama uko wapi."

Mzee Mikami alimwuliza kwa nini hakusema.

"Nikasema nini? Mumewe alinifundisha kazi hii. Nilidhani mwezi mmoja tu atazoea." Akamgeukia Toshie. "Kwa nini unanikimbia? Bamba langu linauma?"

Toshie alitazama sakafu. Jibu lilikuwepo ila lilikuwa la aibu, kwa mtu wa miaka sitini na mmoja. Alikuwa amelelewa kumpisha mkubwa. Mlangoni humpisha, kwenye bafu la moto humpisha, njiani hubaki nyuma hatua kadhaa asionekane anamsukuma. Hakuwahi kuamua kufanya hivyo ndani ya gari. Mikono yake yenyewe ilikuwa inampisha.

"Wewe ni mkubwa kazini," alisema mwishowe. "Niliona si adabu kukusogelea."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, kisha akanyamaza, kwa kuwa madereva wengi pale walilelewa vivyo hivyo, na kila mmoja aliwahi kuacha tuta lake msimu wa kwanza.

"Adabu," alisema Nakahata. "Sikiliza, mama. Ukiwa nje ya gari nipishe utakavyo, niinamie hadi chini, nitafurahi. Ndani ya gari, ukiniachia nafasi umeniachia kazi. Nisogelee mpaka nikutukane. Nisipokutukana, bado uko mbali."

Mzee Mikami alitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika ishirini na tisa. Akasema wataingia kwa mwendo wa kasi zaidi, mara moja kwenda na mara moja kurudi, na mafagio yafuate papo hapo. Kisha akamwuliza Toshie kama anataka abadilishane kiti na dereva wa akiba. Hakuna angemlaumu.

Toshie alifikiria dirisha kubwa na watoto waliokaa sakafuni. Alifikiria pia mtu aliyeendesha miezi miwili na nusu akitazama kioo kwa ajili yake, bila kusema.

"Kiti ni changu," alisema. "Bwana Narita, naomba radhi mapema."

"Karibu sana, mama," alisema Narita. "Kwenye basi nilizoea kusogelewa."

Wakaingia tena. Upepo ulikuwa mkali zaidi na moshi wa theluji mzito zaidi. Toshie aliziona taa mbili nyekundu, na mikono yake ikaanza kuvuta usukani kulia, taratibu, kwa mazoea ya maisha mazima. Akaurudisha kushoto. Taa zikakua. Akasogea tena. Sasa aliona matope yaliyoganda kwenye kilinda-tope cha Narita, aliona namba ya gari, aliona ufa mdogo kwenye kioo cha taa ya kulia. Kila kitu ndani yake kilimwambia abaki nyuma. Akasogea.

Bamba likaligonga tuta. Gari zima lilitetemeka na meno yake yakagongana. Barafu changa ilipasuka kwa sauti kama ya sahani nyingi zikivunjika, ikainuka mbele yake, ikabiringika kulia kwenda kwa namba tano. Upande wa kushoto, kati ya gurudumu la Narita na bamba lake, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona kutoka kwenye kiti kile: lami. Nyeusi, yenye maji, bila hata uzi mweupe.

"Namba nne uko karibu," ilisema sauti ya Narita redioni, ya adabu kabisa. "Karibu mno. Nakuona umefunga kitambaa cha maua."

Kisha sauti nyingine, ya mtu aliyelala kifudifudi na redio sikioni, ikasema, "Asiache. Narita, mtukane kwa niaba yangu."

"Sijui kutukana," alisema Narita.

"Basi mwambie ana supu."

Toshie alicheka peke yake ndani ya gari, na alipocheka mabega yake yakalegea. Hakuzipoteza tena taa zile. Mwisho wa njia waligeuka magari yote kumi kama mtu mmoja anayegeuka kitandani, wakarudi, na tuta la pili, ambalo sasa lilikuwa gumu zaidi, akalikuta kwa mwendo kamili. Kwanza lilikataa. Alikandamiza bamba chini, akakaza miguu, akalisukuma kama anavyosukuma mlango wa ghala ulioganda, na likang'oka lote, mapande makubwa kama matofali, yakaenda zake kulia.

Gari la ukaguzi lilipita. Madereva walisubiri pembeni, injini zikiunguruma. Mkaguzi alichukua muda mrefu, au ulionekana mrefu.

"Tuta hakuna," alisema. "Utelezi uko ndani ya kipimo. Njia ni nzuri."

Mzee Mikami alijibu amesikia. Halafu, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi, akasema, "Dakika ishirini na sita. Miaka yangu yote hapa, sijawahi kuiona ikifunguliwa kwa dakika ishirini na sita."

Ndege ilitoka mawinguni taa zikiwaka, ikashuka, magurudumu yakagusa lami na kurusha maji pande zote mbili. Haikuyumba.

Walivyozoea ni kwamba ndege ya kwanza baada ya kazi kubwa ikiondoka, madereva hushuka, husimama mstari mmoja kando ya magari yao na kupunga mikono. Walisimama kumi. Halafu wakawa kumi na mmoja, maana Nakahata alikuwa amekuja, amepinda vile vile, anatembea kama kaa, ameshika bega la Narita. Toshie alitaka kumpisha asimame mbele yake, kisha akakumbuka, akabaki pale pale, bega kwa bega.

"Umenibeba miezi yote hii," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sijui nikushukuruje."

"Kulikuwa na tufaha kwenye mfuko wako asubuhi."

"Lile ni la Wakana. Lakini yapo mengine yaliyobaki mtini. Nitakuletea kikapu."

"Ya mtini ni ya watahiniwa. Mimi nina mtihani gani?"

"Mgongo," alisema Toshie.

Nakahata alicheka, akaumia, akashika kiuno. Ndege ilikuwa inakuja mbele yao sasa, polepole, kuelekea mwanzo wa njia. Kwenye madirisha yake madogo zilijaa nyuso za watoto, na mikono, na katika dirisha moja nyuma ya bawa mkono mmoja ulikuwa umeinua tufaha jekundu juu kabisa, kulionyesha.

Toshie alipunga mikono yote miwili kama mtoto. Injini zikanguruma, ndege ikakimbia juu ya lami nyeusi, ikapita pale palipokuwa na tuta, ikapaa.